Kitanda cha Wageni

Tuanze na makochi, maana humjui mama mkwe wangu mpaka uyajue makochi yake. Yako sebuleni, yamepangwa vizuri ukutani, na ni mapya. Nasema mapya kwa sababu ndivyo yanavyoitwa pale nyumbani. Yalinunuliwa mume wangu hajaota hata ndevu. Yalitoka dukani na nailoni yake na nailoni hiyo haijawahi kuvuliwa. Imepauka, imegeuka manjano, na kitambaa kilichoko ndani huwezi kusema ni cha kijani au cha kahawia. Siku ya joto ukikaa inakung'ang'ania mapajani, na ukiinuka inatoa mlio ambao mbele ya wakwe ni aibu tupu. Lakini nani akae? Sisi wa nyumbani tunakaa mkekani. Makochi ni ya wageni.

Na si makochi peke yake. Kuna glasi za wageni, zenye ukingo wa dhahabu, ndani ya kabati la vioo lenye kufuli. Kuna mashuka ya wageni, taulo la wageni, mpaka sabuni ya wageni, ile yenye harufu nzuri, ambayo imekaa hadi imepasuka kama visigino vyangu. Nilipokuwa bibi harusi nilithubutu kuinawia. Mama mkwe alinishika mikono, akainusa, akanitazama kwa huzuni kama niliyeuza shamba la ukoo.

"Sasa, mwanangu, mgeni akija ghafla atanawa na nini?"

Mgeni huyo mwenyewe sijamwona mpaka leo.

Mume wangu ana kovu kidevuni. Alilipata utotoni, alipopanda kigoda kuchungulia lile kabati, akaanguka na glasi moja mkononi. Yeye mwenyewe ndiye hunisimulia, tena kwa kucheka. Mama yake alitoka jikoni mbio, akamkuta mtoto kalala sakafuni damu zinamtoka, akauliza, "Imepona?" Alikuwa anaulizia glasi. Kisha ndipo akambeba mgongoni, akampeleka zahanati huku analia njia nzima. Mume wangu anaapa kwamba alikuwa anaililia seti.

Msimhukumu haraka. Ana sababu yake, na siku akiwa na moyo mwepesi huisema. Alipokuwa mke mchanga, afisa mmoja wa afya alipita nyumba kwa nyumba kukagua vyoo, akaingia kwake. Mama mkwe akataka kumkaribisha chai, na nyumba nzima ilikuwa na kikombe kimoja cha plastiki ambacho mtoto wa jirani alikuwa amekitafuna ukingoni. Akamtilia humo humo. Yule bwana alikipokea, akakitazama, akakiweka chini. Hakusema neno baya. Aliaga kwa adabu, akaenda zake.

"Hakuonja, mwanangu," husema mama mkwe, na mpaka leo sauti inambadilika. "Hata kuonja tu. Watu wanadhani umaskini ni kukosa. Umaskini ni kukosa mbele ya mgeni."

Tangu hapo akaanza kuweka. Akiba haiozi, ndiyo sala yake ya asubuhi na jioni.

Kazi yake ni mhudumu wa zahanati ya mtaa wetu. Anafagia, anapiga deki, anachemsha vifaa, anafua mashuka, anafungua asubuhi na kufunga jioni. Funguo zote anazo yeye, zimefungwa kwa kamba kiunoni, na akitembea unamsikia kabla hujamwona. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Funguo, na yeye hakasiriki.

Kwenye ukuta wa korido ya zahanati hiyo kuna bango la malengo ya dunia. Ni vijisanduku vya rangi, kila kimoja na mchoro wake: hapa umaskini unakwisha, hapa njaa inakwisha, hapa afya, hapa kitabu na kalamu. Chini kuna mwaka ambao yote hayo yatakuwa yametimia. Mama mkwe ndiye aliyelibandika, na alilibandika juu ya lingine la zamani lililokuwa na vijisanduku vichache na mwaka wake. Mwaka ule ulifika vizuri tu, haukuchelewa hata siku. Malengo ndiyo yaliyochelewa. Basi wakubwa wakakaa, wakashauriana, wakaona dawa ya malengo machache yaliyogoma ni kuyaongeza yawe mengi. Mimi hapo niliwavulia kofia. Mtoto wangu akishindwa ndoo simpi pipa, lakini mimi shule sikuenda mbali.

Bango lenyewe limefunikwa nailoni ngumu ili lisichafuke. Mama mkwe hulipangusa kila asubuhi.

Na tusije tukakufuru, tukasema malengo hayakutufikia. Yalitufikia, tena kwa gari. Shule yetu ilipata vitabu, vipya, vinanukia. Mwalimu mkuu alivifungia kabatini ofisini kwake kwa sababu watoto wangevichana, na kweli hakuna hata kimoja kilichochanika. Akina mama wa kikundi tulipewa vyerehani tujikwamue. Viko nyumbani kwa mwenyekiti, amevifunika vitambaa alivyodarizi mwenyewe, na juu yake kuna maua ya plastiki. Umaskini unapita pale kila siku, unachungulia dirishani, unaona vyerehani vimependeza, unaendelea na shughuli zake.

Kisha kikaja kitanda.

Kililetwa pamoja na chumba chake. Chumba kilijengwa ubavuni mwa zahanati, kikawekwa vigae mpaka nusu ukuta, na katikati kikasimamishwa kitanda cha kujifungulia ambacho sisi hatukuwahi kuota. Kina pedali: mkunga akikanyaga huku kinapanda, akikanyaga kule upande wa miguu unainuka. Kina godoro la vipande, na juu yake kuna taa yenye shingo ndefu. Siku ya kukikabidhi kulikuwa na utepe, viti vya kukodi na hotuba. Bwana mkubwa mmoja alisema mgeni njoo mwenyeji apone, tukapiga makofi. Akasema akina mama wa hapa hawatakufa tena kwa uzazi, tukapiga vigelegele. Mwishoni akamgeukia Daktari akasema, "Kitunzeni. Tutarudi kukikagua."

Neno hilo la mwisho ndilo lililosikika kuliko yote.

Daktari wetu, nimweleze kidogo, ni kijana mpole asiyeogopa kipindupindu lakini anaogopa barua. Mlango wa friji ya chanjo uliwahi kukwaruzwa na mtu asiyejulikana, akaandikiwa barua ya onyo, na tangu siku hiyo kila kitu kipya kinamtoa jasho. Wageni walipoondoka alimkabidhi mama mkwe ufunguo wa chumba. "Mama, unajua mwenyewe," akamwambia. Mama mkwe alijua. Dunia nzima isingepata mtu wa kujua kuliko yeye. Kitanda kilikuwa kimekuja kimevaa nailoni, na nailoni ikabaki. Alifunga mlango, akaongeza kufuli.

Mngedhani mtaa uliinuka ukapiga kelele. Wapi! Tulijivuna. Watu walikuja na wageni wao kukichungulia dirishani, tunawaambia, "Mnaona? Sisi tunacho." Akina mama wenye uchungu walipita mbele ya mlango ule wakishikilia ukuta, wakaenda kujifungulia chumba cha zamani, kwenye kitanda cha chuma ambacho mguu mmoja ulikatika zamani na sasa kinasimamia matofali. Ukimwuliza mmoja, anakwambia, "Mimi nikakichafue? Nani mimi?" Sote kwetu tuna glasi zetu kabatini, basi hakuna aliyeshangaa.

Mtu mmoja tu hakuelewa, naye ni mkunga. Mwanamke mfupi, sauti yake inafika sokoni.

"Mama Funguo, nipe ufunguo, nina mzazi."

"Wakishakikagua, mwanangu."

"Hicho ni kitanda au ni sanamu?"

"Wakishakikagua. Utazalisha mpaka uchoke."

Mkunga akienda kwa Daktari, Daktari anasema ni kweli kitanda kinahitajika, na ni kweli ukaguzi unakuja, na yeye yuko katikati. Alikuwa katikati mpaka nikaanza kumwonea huruma.

Sasa niseme langu. Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia kwenye kile kitanda cha matofali. Mtoto alitoka salama, damu ndiyo iliyogoma kukatika. Mkunga alitaka miguu yangu iinuliwe, wakaongeza matofali upande mmoja, kitanda kikateleza, tukaenda sakafuni mimi na wasaidizi wangu. Sikumbuki zaidi. Najua tu kwamba watu walianza kumtazama mume wangu kwa jicho la pole, na kwamba ilipita miezi kabla sijaweza kubeba ndoo ya maji. Kwa hiyo nilipopata mimba ya pili mkunga hakuzunguka. Alinishika bega.

"Wewe damu yako ina haraka. Mahali pako ni hospitali kubwa. Nenda mapema, ukasubiri huko huko. Na ikitokea uchungu umewahi, Mungu apishe mbali, basi ni kile kitanda kipya au sikushiki."

Jioni nilimwambia mama mkwe, tuko mkekani tunachambua mboga. Alinisikiliza vizuri. Alikuwa akinipenda, hilo sikuwahi kulitilia shaka. Nilipokuwa mgonjwa ni yeye aliyenifulia na kunilisha kwa mkono wake. Alichambua majani kadhaa, akasema, "Tutaona, mwanangu. Wageni wanakuja karibuni. Wakishakikagua tu, wewe ndiye wa kwanza."

"Na mtoto asiposubiri?"

"Atasubiri. Wa kwetu wana adabu."

Nilicheka, kwa sababu ukiwa na mkwe kama huyo usipocheka utalia. Lakini usiku huo usingizi ulinipaa. Niliweka nguo za hospitali kwenye begi, nikamwambia mume wangu wiki ijayo nakwenda kusubiri huko hospitali kubwa, liwalo na liwe.

Wa kwetu hawana adabu. Uchungu ulinishika siku tatu baadaye alfajiri, na siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya wageni.

Mume wangu alinishika mkono tukaenda zahanati polepole, gari la kunifikisha mbali halikupatikana na uchungu haukutaka mazungumzo. Tulikuta uwanja umefagiwa mpaka mchanga una mistari. Mama mkwe alikuwa mlangoni amevaa sare mpya, ndoo mkononi. Aliponiona uso wake ulifurahi, kisha ukaogopa, vyote kwa pamoja.

"Leo? Mwanangu, leo kweli?"

"Mama, sikumpangia mimi."

"Loo! Na wageni wako njiani." Akaweka ndoo chini, akanishika kiuno, akanisukuma taratibu kuelekea chumba cha zamani. "Jikaze kidogo. Jikaze tu, mama yangu. Wakiondoka, nafungua."

Jamani, nimeambiwa nijikaze mara nyingi maishani. Kujikaza mtoto asitoke mpaka kamati iondoke, hiyo ilikuwa mpya. Mkunga alitukana kitu ambacho sitakirudia. Daktari alichungulia, jasho tayari linamtiririka, akaomba, kama inawezekana, nisipige kelele sana. Nikapewa kitambaa nikiume.

Yaliyofuata mengine niliyasikia kwa masikio yangu, maana kati yangu na korido palikuwa na mlango mwembamba tu. Mengine nilisimuliwa na mkunga, ambaye haongezi chumvi kwa kuwa ya kwake inatosha.

Mtoto alizaliwa wakati wageni wanashuka garini. Nilisikia makofi nje na, kwa kuchanganyikiwa, nikadhani nimepigiwa mimi. Alikuwa msichana. Alilia kwa nguvu, bila kitambaa. Mkunga alimfunika, akaniwekea kifuani, na hapo hapo nikamwona anatazama chini, anaacha kutabasamu. Nilijua. Nilikuwa naisikia inatoka, ya moto, bila kuuliza mtu.

Mkunga alinichoma sindano, akaanza kunikanda tumbo kwa ngumi. Akamwambia msaidizi ainue miguu yangu. Matofali yakalia kwa chini.

Huko korido kamati ilikuwa imefika kwenye chumba kipya. Mlango ulikuwa wazi, vigae vinang'aa, kitanda kimesimama ndani ya nailoni yake. Mkubwa wao safari hii alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa mnyororo shingoni. Akamwuliza Daktari, "Hapa wamejifungua akina mama wangapi?"

"Kitanda kiko katika hali nzuri sana," akasema Daktari.

"Sikuuliza hali yake."

Mama mkwe aliona kijana wa watu amebanwa, akajitosa kumwokoa. Tena alijitosa kwa fahari, kifua mbele. "Hakijalaliwa na mtu hata mmoja, mama. Nimekitunza mwenyewe. Kiko vile vile kama mlivyokiacha."

Akasubiri shukrani. Daktari anasema wageni walitazamana, mmoja akatazama viatu vyake, na yule mama wa miwani akaiachia miwani ianguke kifuani.

Hapo hapo mlango wetu ulifunguliwa kwa kishindo. Mkunga alitoka mikono myekundu mpaka viwiko, hakusalimu mtu.

"Mama Funguo, mkaza mwanao anatutoka. Naye akitutoka, itakuwa mbele ya wageni wako. Nipe kitanda."

Hapo ndipo ningependa kusema mama mkwe hakusita. Alisita. Mkunga alimwona akiwatazama wageni, akitazama kitanda, akiwatazama tena wageni, mkono umeshika funguo kiunoni kana kwamba zinamwanguka. Miaka yake yote ilikuwa imesimama pale mlangoni, na kile kikombe cha plastiki nacho. Kisha akafanya jambo ambalo mtaa wetu unalisimulia hadi leo.

"Wageni wangu," akasema, "tokeni."

"Samahani?" akauliza mmoja.

"Nimesema tokeni! Nina mgonjwa!"

Wakatoka. Yule mwanamke ambaye maisha yake yote alimsubiri mgeni, siku wageni walipokuja kweli aliwafukuza. Alikirukia kitanda. Nailoni ile ilikuwa ngumu, kucha ziliteleza, mkasi haukuonekana, akaing'ata kwa meno na kuivuta. Joto lilikuwa limeigandisha kwenye godoro, ikawa inatoka vipande vipande, naye anavitema. Mume wangu aliitwa kutoka uwanjani, akanibeba, akaniweka.

Nakumbuka taa. Nakumbuka mguu wa mkunga unakanyaga pedali, na miguu yangu ikapanda juu taratibu, bila matofali, bila mtu kuanguka. Nakumbuka uso wa mama mkwe juu yangu, umegeuka juu chini, kipande cha nailoni kimemganda mdomoni. "Usilale," anasema. "Usilale, mwanangu." Damu ilikuwa imeshuka kwenye godoro jipya, kwenye vigae, kwenye sare yake. Na mimi, haki ya Mungu, mtu niliyekuwa naelekea kaburini, nilichoona cha kusema ni kuomba radhi.

"Mama, nakichafua."

"Chafua!" akapiga kelele, analia. "Chafua, mwanangu! Chafua chote!"

Damu ilipungua, haikuisha. Mkunga akasema nahitaji kuongezewa, na gari lililokuwepo ni moja tu, la wageni. Yule mama wa miwani alikubali kabla hajamaliza kuombwa, nampa haki yake. Dereva ndiye aliyeleta ukaidi. Gari ni jipya, akasema, la mradi, viti vitaharibika. Mama mkwe alifungua mlango, akachungulia ndani. Viti vyote vilikuwa bado na nailoni.

"Baba, vimefungwa, unaogopa nini?" akamwambia. "Washa gari."

Nililazwa, nikaongezewa damu, nikarudi duniani. Huku nyuma kamati iliandika ripoti yake, na Daktari, ambaye safari hii hakupata barua ya onyo, aliniletea habari zake hospitalini, anacheka kwa aibu. Imeandikwa kwamba siku ya ukaguzi asilimia mia moja ya akina mama waliohitaji kitanda cha kisasa walikipata. Nikamwuliza tulikuwa wangapi. Akasema, "Wewe." Basi mkisikia mahali fulani duniani lengo limefikiwa kwa asilimia mia, mjue asilimia hiyo inanyonyesha na inaomba mto wa pili. Pia waliahidi kutuletea bango jipya.

Kitanda kinatumika sasa. Mama mkwe ameweka kufuli lile kwenye stoo ya mafagio. Nailoni iliyosalia hakuitupa, msitegemee miujiza. Ameikata vipande, anaviosha kwa dawa, anawatandikia wazazi chini ya shuka. Akimwona mama mjamzito anapita na kuchungulia mlangoni anamwambia, "Ingia, ni chako," kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge kichungu. Lakini anasema.

Siku niliyorudi nyumbani nilikuwa bado natetemeka, nikielekea zangu mkekani na mtoto mkononi. Mama mkwe akanishika kiwiko.

"Siyo huko. Huku."

Makochi yalikuwa yamevuliwa. Nilisimama nikashangaa. Kumbe ni ya buluu! Buluu na maua meupe, ila kwenye mikunjo kitambaa kimepata ukungu kwa kufungiwa miaka yote hiyo, na sehemu moja kimeoza kabisa, kidole kinapita. Mama mkwe aliona ninachotazama. Akanikalisha. Yalikuwa laini. Mume wangu alikaa pembeni yangu kwenye ncha, kama aliyekwenda kuposa, haamini.

Mama mkwe akaingia jikoni, akatoka na chai ndani ya glasi yenye ukingo wa dhahabu. Akaniwekea mkononi, akarudi kuchukua mkate.

Mkono wangu haukuwa na nguvu. Niliinua glasi, ikafika nusu ya njia, vidole vikaachia. Ikapasukia sakafuni, chai ikaruka kila upande, na vumbi la dhahabu likatawanyika mpaka chini ya kabati. Mume wangu alijishika kidevu.

Tulisikia funguo zinakuja mbio kutoka jikoni. Alisimama mlangoni, akaona vipande, akaona chai, akaniona mimi.

"Umeungua?"

"Hapana, mama."

"Mtoto je?"

"Hajaungua."

Akapumua. Akapita juu ya vipande vile kwa uangalifu, akafungua kabati, akatoa glasi nyingine.